Kifungo cha Pili

Saa moja asubuhi nafungua lango kwa kiwiko,
chuma kimeganda.
Mbwa hainuki. Ananijua kwa viatu.
Meurig yuko jikoni tangu alfajiri,
anapambana na kifungo kimoja.

"Usinisaidie," asema. Basi natia chai
nusu kikombe,
maana nusu ya juu huwa ni ya meza.

Katika bonde hili la Powys waliipa jina: mafua ya josho.
Kila Septemba, siku tatu, kichwa chagonga,
mate yajaa kinywani, miguu kama ya kuazima.
Kisha yapita. Kisha kuna ua la kuziba, kuna kodi.

Barua ilitoka serikalini: kila kondoo azame,
kichwa na vyote.
Polisi alikuja na saa yake, akasimama
upande unakotoka upepo,
akatia sahihi.
Meurig alishika fimbo, akawasukuma chini
mmoja mmoja, mia nne na kumi,
maji ya dawa yakimrukia machoni, mdomoni.
Kibandiko cha debe kilisema vaa glavu.
Alivaa. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimelowa ndani.
Jioni Nest alizifua nguo zake kwa mikono mitupu.
Nest sasa ni picha juu ya friji.

Kwetu husema mchuma janga hula na wa kwao.
Hili hakulichuma. Lililetwa na tarishi,
lina muhuri.

Daktari wa kwanza alisema ni uzee;
Meurig alikuwa na miaka arobaini na sita.
Wa pili alisema ni huzuni.
Wa tatu alimwambia anyooshe mikono, afumbe macho,
kisha akatazama nje ya dirisha, kwa muda.

Akisinzia, mkono wa kulia hausinzii.
Wasukuma blanketi chini, chini,
waachia. Wasukuma tena.

Sijamwambia kwamba baba yangu alikuwa mtu wa josho,
kule Kongwa, ng'ombe wa kijiji kizima;
kwamba debe likiisha dawa tulichotea maji.
Jumapili nilipiga simu.
Mama, baba anashikaje kijiko?
Kimya. Jogoo wa jirani.
Mbona waniuliza hivyo?

Kifungo cha pili kimeingia.
Saa mbili na robo.
"Umeona?" asema Meurig,
na mbwa, hatimaye, anainuka.