Mgeni wa Mkeka

Tulikuwa na shilingi elfu sitini na tatu
na sarafu moja ya mia ambayo Twalibu alikataa isihesabiwe.
Zote ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kopo kabatini kwa Somoe, Luchingu,
ufunguo shingoni mwangu:
mimi ndiye niliyeshindwa kompyuta, nikapewa hazina.

Programu yenyewe ni ndogo. Inajibu swali moja:
leo maji yanatoka wapi?
Hapa Newala hilo si swali la mzaha.
Mtu huamka nalo kabla ya kunawa uso,
na uso wenyewe unangoja jibu.

Ilikuwa ikiishi katika kompyuta ya Nambunga.
Umeme ukikatika, watu wanarudi kuuliza kwa miguu,
ndoo mkononi, tupu, inagonga goti.
Tukasema: basi, tuipangie chumba.

Wa kwanza alitaka dola tatu kwa mwezi.
Tukashangilia.
Fadhila, anayesoma maandishi madogo
kama anayechambua mchele, akaguna:
tatu ni za fungate. Mwaka wa pili ni kumi na moja.
Na dola ina bei ya leo na bei ya kesho,
sisi korosho tunauza msimu mmoja.

Wa pili alisema bure.
Bure kabisa, ila isipotembelewa robo saa, inalala,
na kuiamsha ni dakika nzima.
Tukatazamana.
Maji ya Mtonya hutoka saa tisa usiku.
Nani atamwamsha mwamshaji?

Wa tatu ni binamu yake Twalibu, yuko Masasi,
ana mashine chini ya kitanda.
"Leteni tu," akasema, "sisi si ndugu?"
Nikaandika daftarini: ndugu.
Nikafuta.
Ndugu unamgombezaje usiku wa manane?

Wa nne alituonyesha simtanki la lita elfu tano:
nafasi, kasi, ulinzi, anwani mia za barua pepe.
Nasi tuna kikombe.

Hapo Somoe, aliyekuwa kimya anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, akauliza:
"Kwani huyu mgeni wenu ana mizigo kiasi gani?"

Hatukuwahi kumpima.

Nambunga akafungua. Picha ya bomba linamwaga,
kubwa kama kanga iliyoanikwa. Nembo tatu.
Herufi za mapambo zilizotoka ng'ambo.
Tukaitoa picha (iliuma,
siku ile bomba lilimwaga kweli).
Tukatoa nembo, tukatoa mapambo.
Yakabaki majina ya mitaa na saa,
mzigo mwepesi kuliko wimbo mmoja kwenye simu.

Mgeni wa mkeka,
nasi tulikuwa tukimtafutia ghorofa.

Tukapata watu wa kawaida, wanadai kwa shilingi,
elfu nne kwa mwezi, unalipa kwa simu.
Fadhila hakuamini. Akawapigia Jumapili saa sita usiku.
Akapokea mwanamke, mtoto analia nyuma yake.
"Seva iko macho," akasema, "na mimi pia, kama unavyosikia."
Tukalipa mwaka mzima.

Arobaini na nane zikaenda. Jina likala kumi na mbili.
Nywila tukaiandika mara mbili:
karatasi moja kwa Fadhila, nyingine kopo­ni,
imelaliwa na elfu tatu na ile mia.
Mwakani, mwezi kama huu, tutadaiwa tena;
nimeandika kwa wino mwekundu, nikapiga mistari miwili.

Usiku ule sikulala vizuri. Saa tisa na dakika nne
nikafungua simu chini ya shuka.
Mtonya: yanatoka.
Sikumwambia mtu.
Ukutani kwa jirani nikasikia pipa
linaburutwa kwenda nje.