Bosi na Mfanyakazi Wake

Siku ya kwanza nilichelewa kazini.
Bosi hakunifokea:
yeye pia alikuwa akimwogesha Khainza,
akisaka kiatu kimoja cha shule chini ya kitanda.

Tulifungua pamoja, saa tatu kasorobo,
kibarazani kwa mama Neumbe, mtaa wa Namakwekwe,
mashine ya kufuma juu ya meza ya kuazima,
na Wanale nyuma yetu, kichwa ndani ya ukungu
kama mtu aliyejifunika shuka asidaiwe.

Husemwa, mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mtaji wangu ulikuwa darini,
katika mkebe wa maziwa ya unga:
laki sita na elfu arobaini,
miaka minne ya kukunja mashuka ya hoteli
yaliyolaliwa na wengine.
Nikaazima ngazi.

Mashine aliniuzia mjane wa fundi Wamimbi.
"Ina sindano mia na tisini na tisa," akasema.
"Ya mia mbili ilivunjika yeye akiwa hai."
Hakunipunguzia hata shilingi.
Alinipa nusu chupa ya mafuta ya cherehani,
kisha, kabla sijaondoka, akaushika mpini mara moja,
akausukuma polepole
kama anayefunga mlango mtoto amelala.

Kra-kra, kigari kinakwenda. Kra-kra, kinarudi.
Sweta ya kwanza ilitoka na mkono mmoja mrefu,
wa mtoto anayeomba ruhusa darasani.
Mfanyakazi alitaka kulia.
Bosi akasema: fumua.
Uzi haugombi. Unarudi kuwa uzi.
Ya pili, fumua.
Ya tatu niliivaa mwenyewe sokoni, siku ya mvua,
nikawa tangazo langu.

Akaja afisa wa leseni na kitabu chake cha risiti.
"Mwenye biashara yuko wapi?"
Nikageuka kumtafuta.
Naapa, niligeuka.

Mwalimu mkuu wa shule ya kule mlimani
aliagiza sweta sitini, samawati, kola nyeupe.
Nusu alilipa taslimu, nusu maharagwe.
"Hata ada kwetu huja kwa debe," akasema,
akiyatazama viatu vyake.
Nikaandika daftarini, Mapato: magunia mawili,
nisijue niyaweke safu gani.

Mwisho wa mwezi mfanyakazi alidai mshahara.
Bosi akafungua daftari: uzi, kodi, leseni,
deni la kikundi cha akiba cha Alhamisi.
Akajumlisha mara mbili,
labda hesabu itamwonea haya.
Elfu nane na mia tano.

Mfanyakazi akagoma.
Jioni nzima hakugusa mpini.
Aliweka miguu kwenye beseni la maji moto
akamtukana bosi kwa Kigisu,
maana matusi ya lugha nyingine hayashibishi.
Bosi alinyamaza. Akapika yale maharagwe,
akatia malewa na karanga,
wakala sahani moja.

Usiku huo, kwa mwanga wa simu:
Mshahara, Mutonyi: elfu tano.
Amelipa: Mutonyi.
Amepokea: Mutonyi.
Saini hazikufanana. Ya bosi ilikuwa na haraka.

Leo Juni, baridi inang'ata masikio.
Watoto wanateremka mlima, samawati, samawati,
na kila mmoja ana mstari mwembamba ubavuni
pale sindano ya mia mbili isipokuwapo.
Khainza anawahesabu: kumi na moja, kumi na wanne...
"Mama, wale wote ni wetu?"
"Sweta tu. Kimbia, kengele imelia."

Kodi ni Jumamosi. Uzi wa samawati umepanda bei.
Bosi anapiga miayo, mfanyakazi anapaka mafuta kigari,
na mmoja wetu, sijui yupi,
anaanza kupiga mluzi.