Pua ya Waya

Kabla sijawasha jiko, kioo kinasoma thelathini na mbili.
Hilo ni joto la Buguruni tu, la saa tatu asubuhi.
Bado halijawa la kahawa.

Tangu homa ile ya Machi pua yangu imehama,
imeniachia mlango wazi na nyumba tupu.
Vitunguu sivijui, mafuta ya taa siyajui;
siku moja nilikunywa maziwa yaliyochacha
nikamshukuru mke wangu.
Na mimi ndiye niliyekuwa nikikaanga kwa pua:
lini buni ni nyasi zilizoloa, lini ni mkate,
lini ni sukari inayotaka kuungua,
lini nizime.

Gunia la tatu nililigeuza makaa.
Mteja wangu wa Kariakoo hakugomba. Alirudisha mifuko,
akaipanga mlangoni mmoja mmoja,
kama viatu vya watu waliokuja msibani.

Basi nikaenda Gerezani kwa fundi Makungu,
aliyeichomelea ngoma hii kwa bomba la chuma
na mota ya waipa za Isuzu.
"Itoboe," nikamwambia. "Matundu mawili."
"Ngoma iliyotobolewa hailii."
"Hii sitaki ilie. Nataka iseme."
Akacheka, akachomeka keekee.

Waya yenyewe ni nyembamba kama mzizi wa mchicha.
Ndani yake mna nyuzi mbili za madini yasiyofanana,
zimeshikana nchani tu.
Moto ukizigusa, kila mmoja husikia kivyake,
na tofauti yao ndiyo namba.
Sikusomea umeme.
Lakini nimeoa miaka kumi na tisa,
jambo hili nililielewa mara moja.

Tulitoboa juu mno. Ncha ikaning'inia hewani,
ikapima upepo ikaapa ni buni:
mia mbili na kumi, ikasema,
na buni zingali kijani kama dengu.
Tukaisogeza. Bawa la ndani likaipiga, ikapinda kama ndoana.
Jumapili nzima ikaenda, na chenji ya ada ya shule ikaenda nayo,
mpaka tukatoboa chini,
pale buni zinapolundikana kabla ya kupinduka.

Sasa moja imezama kwenye buni, nyingine iko hewani.
Ya hewa hutangulia; ya buni huja nyuma ikiburuta miguu.
Nikimimina kilo mbili za Mbinga, namba inaporomoka:
mia na tisini, mia na arobaini, tisini na nne.
Mara ya kwanza nilidhani nimeua mashine.
Kumbe ngoma haijapoa. Ni waya inayotambua
kwamba walioingia ni wageni, wamekuja na baridi yao.
Inatulia kidogo, halafu inapanda.

Naandika kila nusu dakika
nyuma ya daftari la hesabu la Odilia.
Mia na tisini na sita: tak.
Tak, tak-tak.
Masikio hayakuhama, namshukuru Mungu.
Mia mbili na nane, namwaga kwenye trei, feni inavuma,

na hapo sauti hutoka nyuma ya ukuta wa matofali.
Ni Bi Mwajabu, asiyekunywa kahawa kwa ajili ya presha:
"Baba Odilia! Leo umewahi!"
Au: "Leo hapo hapo, usiguse!"
Daftari lina safu tatu. Hewa. Buni.
Ya tatu haina nyuzi joto, ina maneno yake
kama alivyoyasema.

Juzi waya zote mbili zilisema tayari.
Nikausikiliza ukuta, kimya. Alikuwa Mkuranga kwa dada yake.
Nilisimama na mkono kwenye swichi,
sekunde nne, tano, sita,
nikazima bila kuamini.

Leo karudi. Nimempelekea zile za juzi kwenye kibakuli,
nikamwuliza zinanukaje.
Akafumba macho, akainama.
Akakaa hapo muda.
Nikatoa kalamu.