Mizani ya Dobi

Mizani yangu ni kamba,
haijui kunipamba,
wala mimi kujitamba:
hewa huonwa nguoni.

Ni Mhando, dobi wenu,
nafua mashati yenu
na jasho la shingo zenu,
mtaa wa Ngamiani.

Kanzu za kwendea sala
nafua watu walala,
zinang'ara bila hila
mapambazuko kambani.

Adhuhuri nikirudi,
rangi ya jivu la udi;
naanza upya juhudi,
maji tena, na sabuni.

Ng'ambo ya reli, tanuri
huchochewa matairi;
moshi wake ni hodari,
hupenya hadi ndotoni.

Mwenye tanuri, Nasoro:
“Moshi ni kazi, si kero;
ukizimwa ni kihoro,
njaa iko mlangoni.”

Semkae, kuli wake,
hukohoa kwa makeke;
nazifua leso zake,
weusi wa mapafuni.

Hidaya, miaka saba,
usiku hewa ni haba,
akaniamsha: “Baba,
kuna filimbi kooni.”

Tukashinda Bombo kutwa,
kwa zamu tukaja itwa;
siku nzima imekatwa,
mimi na mke foleni.

Mke wangu, Mwanahija,
wateja wa nguo waja,
wabisha hodi si moja:
kimya kwenye cherehani.

Nina kijitabu changu
cha hesabu ya mafungu:
kulia, sabuni zangu,
kushoto, dawa dukani.

Mwisho wa mwezi hukaa,
najumlisha mkaa,
faida yote yapaa
na moshi huko angani.

Alosema moshi kazi
hakuandika malazi
ya Bombo, wala matozi,
humo mwake mizanini.

Ijumaa moja, mbio,
Nasoro, kwa makemeo,
kaja na kanzu ya leo,
nyeupe hapo zamani.

“Dobi, unanifulia
au unanichafua?
Nami fedha nimetoa
papa hapa barazani!”

Sikujibu, nikamwita,
nyuma ya nyumba kapita;
shuka mbichi ikameta,
tukakaa kivulini.

Upepo ukageuka,
masizi yakadondoka
moja moja kwenye shuka,
kama inzi maziwani.

Akagusa kwa kidole,
akaangalia kule
kwenye bomba lake lile,
kisha kanzu mkononi.

Hakukosa la kunena:
“Na pasi yako, kijana?
Mkaa wafuka sana,
na mwanao yu chumbani!”

Neno lile lilichoma,
kweli haina huruma;
nikaiuza ya chuma,
ya umeme kwa madeni.

Papo hakubadilika:
ilimchukua mwaka
na barua za kufoka
kutoka kwa madiwani.

Matairi akafuta,
chujio ghali kaleta,
mafundi wakalivuta
kwa kamba hadi dohani.

Kazi haikukatika:
Semkae yuashika
koleo, na anacheka,
leso safi mfukoni.

Kitabu changu, tazama:
sabuni nusu yakoma;
Bombo, mara moja, homa,
tena si ya kifuani.

Zilizobaki si nyingi,
hazitoshi za msingi,
lakini nyuzi za rangi
zimerudi cherehani.

Sidai tumetakata:
bodaboda zinapita,
na jalala lafukuta
usiku, kule sokoni.

Hidaya nilimtuma
na kanzu iliyo njema,
mbio bila kusimama
hadi kwake, Chumbageni.

Akarudi, hakutweta,
sarafu akazileta;
nilitega, sikupata
filimbi yake kooni.

Kanzu mbili naanua,
kola zote nakagua;
usiku unaingia,
nyeupe bado, shingoni.