Jumanne na Ijumaa Tu

Kamera ya mama ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa,
na ndani yake filamu, imekaa miaka kumi na tisa,
kihesabio kikisoma ishirini na mbili.
Mzia, mdogo wangu, alisema: Ipeleke popote, upesi.
Nikamwambia: popote hapana.
Maiti haoshwi na mpita njia.

Nikanunua filamu nne za kupoteza.
Zote nne nikazipigia vitu vilevile:
lango letu la buluu, theluji juu ya ukuta,
paka mweusi kalala kwenye gunia la makaa,
na Mzia mwenyewe, shati jeupe, kashika karatasi
yenye namba: moja, mbili, tatu, nne.
Majirani walidhani tumerukwa na akili.

Namba moja niliipeleka barabara kuu ya Tbilisi,
duka la vioo, kahawa bure, bango la Saa Moja Tu.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,
na lile duka lilitembea hadi mlangoni kunipokea.
Theluji ilirudi na rangi ya ufizi,
na mkwaruzo mmoja mrefu
toka jicho la Mzia hadi kidevuni.

Namba mbili ilikwenda kwa posta, Kutaisi, bei ya kutupa.
Picha zikaja kwenye simu, safi, sina neno.
Na negativu zenyewe?
Tumezitupa. Watu siku hizi hawazitaki.
Alisema kwa upole, kijana wa watu,
kama anayekuambia nguo zako amezifua
na kwa kuwa umeshaziona zimetakata, amezichoma.

Namba tatu nilipewa harusi ya watu wa Batumi.
Bwana harusi kafumba macho katika picha zote tisa.
Mpaka leo sijui ni nani anayemtazama paka wangu.

Namba nne ni kwa Lamara,
chini ya ngazi, nyuma ya tanuri la mikate,
kibao cha mkono: Jumanne na Ijumaa Tu.
Hakuuliza naitaka lini. Aliuliza ilikaa wapi,
ilipigwa kwenye baridi ya kiasi gani,
na je, kuna mtu aliyeifungua kamera.
Chupa zake za dawa zina tarehe za kuzaliwa, kwa penseli,
nyingine zina msalaba: hizi zimechoka, nazimwaga leo.
Ukutani hakubandika kazi zake bora,
alibandika filamu aliyoiunguza mwaka ule umeme ulipokatika.
Ili nisijisahau, akasema.
Theluji ikarudi theluji.
Paka akarudi paka, unywele kwa unywele, mweusi ndani ya weusi,
na jina langu juu ya bahasha, Khvaramze,
halikukosewa hata herufi.

Hapo ndipo nikaitoa ya mama.
Akaigeuza kiganjani kama yai lililokaa sana.
Utaiokoa?
Siahidi.
Ahadi ni deni, na Lamara hakopi.
Nikamwachia palepale.

Ijumaa ya kwanza: bado, nimekata ncha tu, naijaribu.
Ijumaa ya pili, mvua. Akaniwashia taa mezani.
Ishirini na mbili: kumi na sita ukungu mtupu,
tano zina watu kama waliosimama nyuma ya maziwa;
lango, lilipokuwa bado kijani; Mzia, pengo mdomoni;
kitako cha gari la mjomba Vazha.

Na ya mwisho, nusu nzima ni giza,
giza lenye ukingo wa mviringo.
Niliitazama sana.
Kidole, akasema Lamara. Kaziba lenzi.

Mama hayumo katika albamu yetu yoyote,
maana ndiye aliyekuwa akipiga.

Mashine ingeiruka hii. Duka la vioo lingeiruka.
Yeye kaichapa kwa ukubwa uleule, karatasi ileile.
Na hii nayo? nikamuuliza, sauti ikinikatika.
Uliniletea filamu nzima, akasema,
akalamba gundi ya bahasha, akaifunga.