Misumari ya Holo

Holo anafunga sumaku ya spika kwa kamba ya manila,
anaiburuta mchangani, kule Buhongwa,
ghorofa ilikomwaga makombo yake.
Misumari inairukia kama kumbikumbi kwenye taa.

Iliyopinda hainung'uniki.
Anailaza juu ya jabali
(Mwanza jabali hukosi)
nyundo, ngo, ngo,
mpaka ikumbuke kunyooka.

Kwa Nkwabi wa skrepa kilo ni kilo:
vichwa vya nondo, mabati, bawaba
iliyowahi kuitikia hodi ya mtu.
Nkwabi anaegemeza dole gumba kwenye mizani.
Holo anakohoa.
Dole linaondoka.

Jioni amebakiza misumari saba.
Hiyo hauzi.
Paa lake, upande wa ziwa,
huinuka kila upepo ukivuma
kama mgeni anayetaka kuaga.