Kaa Kwanza

Julai hapa Evora, mawe ya barabara
huoka viatu kutoka chini.
Saa nane mchana mji mzima wa Ureno unafunga madirisha,
na mimi nafungua boksi la kaptula.

Shangazi Deolinda alikuwa na kioo
alichokinunua kwenye ukumbi wa maigizo uliofilisika.
Kimeinama kidogo. Hurefusha miguu, hupunguza nyonga,
humvisha kila mteja kilemba cha ukoka,
ila kilemba chenyewe huvaliwa kiunoni.
Watu walitoka wakitabasamu,
Jumatatu wakarudi na risiti.

Alipolazwa kwa ajili ya goti
nilikigeuza kioo kikatazama ukuta,
nikaweka kiti. Cha jikoni, cha mbao, hakina hata mto.
"Kaa kwanza," namwambia kila anayeingia.
Nguo huuzwa kwa watu waliosimama,
na nani huishi amesimama?

Filomena wa duka la dawa alishika bukta nyeupe.
"Mapaja yangu ni mapacha," alisema.
"Majira ya baridi wanapendana, kiangazi wanachubuana."
Akakaa. Bukta ikapanda, mapacha wakagusana, akafyonza.
Nikampa suruali ya kitani, pana kuanzia nyonga,
mbele bapa, mpira nyuma tu,
pindo juu kidogo ya kifundo ili upepo upate mlango.
Akakunja nne. Akakunjua.
Alilipa akiwa bado ameivaa.

Benedita, miaka kumi na mitano,
mrefu, mnyoofu kama mche wa sabuni,
alitaka umbo. Hilo kwenye rafu tunalo:
marinda mawili kiunoni, mifuko yenye vifuniko nyuma,
kitambaa kigumu kinachosimama mbali na mwili.
Alipokaa, magoti yakatokeza na makovu yake ya baiskeli.
"Na haya?"
Nikasema ya magoti sina dawa.
Akacheka, akachukua mbili.

Anselmo hupeleka barua. Tumbo lake na mkanda
wana kesi ya miaka ishirini:
nani apite juu, nani chini.
Nilimnyima ile yenye mifuko ya mapajani,
maana mtu mpana hahitaji masanduku ubavuni.
Hii ni nyepesi, inaishia juu ya goti,
kiuno kinakaa pale tumbo linapoanza kuwa na aibu,
na zipu moja ndogo ya funguo.
Kiti kililia. Kifungo kilivuta pumzi,
hakikuruka.

Kisha Dona Eulalia, themanini na mmoja,
miguu yake asubuhi saizi hii, jioni saizi nyingine.
Nikamletea sketi ya pamba ya kujifunga,
kamba unailegeza jua likizidi.
Akakaa, na hakuinuka.
Akanisimulia kiangazi cha kubandua magome ya miti ya vizibo,
yeye binti wa kubeba maji,
alivyoiba suruali ya kaka yake apande mkokoteni vizuri,
na ilivyochanika kutoka mshono hadi mshono
mbele ya wanaume arobaini na punda.
"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," nikamwambia,
ndivyo bibi yangu alivyosema.
Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya sketi.
"Baba alinichapa kwa sababu ya suruali,
si kwa sababu ya tundu.
Sijavaa tena." Akanirudishia sketi.
"Nipe kama ya yule wa duka la dawa. Lakini iwe na mfuko."

Jana Shangazi amerudi na mkongojo wake.
Akatazama mgongo wa kioo, akanitazama mimi.
"Kiti kinauza?"
"Kinauza. Hakirudishiwi."
Akakaa polepole, na sketi yake nyeusi,
ile ya miaka yote, ikambana mpaka ukasikika uzi mmoja.
Feni ilizunguka. Alinyamaza kama mtu anayehesabu chenji.
"Niletee futi," akasema,
"na uniambie namba kwa sauti ya chini."